Laini ni moja, watumiaji ni wengi: Kampuni ya intaneti inaruhusiwa kuona nini, na kumwambia nani?

Katika ploti nyingi za Mtwapa, Malindi, Mariakani na Kilifi mjini, laini moja ya intaneti hutumiwa na nyumba kadhaa. Mpangaji mmoja huilipia, na wengine humchangia kila mwezi. Kijana wa nyumba ya tatu akiitumia kupakua filamu ambayo mwenyewe hajairuhusu, jina lililo kwenye akaunti si lake. Ni la yule aliyejaza fomu, akatoa nambari ya kitambulisho na kufungiwa ruta ukutani.

Hapo ndipo haki mbili zinapokutana. Moja ni ya msanii, mtunzi na mtengenezaji filamu: haki ya kulipwa kwa kazi yake. Nyingine ni ya mteja: haki ya kutopekuliwa mawasiliano yake bila sababu. Katiba ya Kenya inazitambua zote mbili. Kifungu cha 40 kinaitaka Serikali kulinda mali ya ubunifu ya Wakenya, na Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo faragha ya mawasiliano yake.

Makala haya yanaeleza kile ambacho kampuni ya intaneti inaweza kuona, kile ambacho sheria inairuhusu kufanya, na hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua akiambiwa kwamba laini yake imetumiwa kwa uharamia.

KWA UFUPI

- Sheria ya Kenya haiilazimishi kampuni ya intaneti kuchunguza kila unachotazama ili kusaka uharamia.
- Kampuni inalazimika kuchukua hatua ikipokea arifa halali kutoka kwa mwenye hakimiliki, au agizo la mahakama.
- Jina lako linaweza kutolewa kwa wapelelezi wakileta ombi halali, au mahakama ikiagiza. Halitolewi kwa mtu yeyote tu anayepiga simu kuliulizia.
- Una haki ya kuuliza kampuni ina data gani kukuhusu, na ya kulalamika kwa Kamishna wa Data ikitumiwa vibaya.

KAMPUNI INAONA NINI?

Kila kifaa kinachoingia kwenye intaneti hutumia nambari inayoitwa anwani ya IP. Kampuni ndiyo inayoitoa, kwa hiyo inajua ni mteja gani aliyepewa anwani ipi na kwa saa ngapi. Inajua pia kiasi cha data ulichotumia, maana ndicho inachotumia kukutoza au kukupunguzia kasi bando linapokwisha.

Simu yako ikitaka kufungua tovuti, kwanza huuliza tovuti hiyo inapatikana wapi, kama mgeni anayeuliza nyumba fulani iko mtaa gani. Mara nyingi anayejibu swali hilo ni kompyuta ya kampuni yako ya intaneti. Kwa hiyo kampuni inaweza kujua jina la tovuti uliyoitembelea na saa uliyoingia.

Ndani ya tovuti ni suala jingine. Siku hizi tovuti nyingi hufunga mawasiliano kwa njia ya siri, na kwenye kivinjari utaona alama ya kufuli. Ni kama barua iliyo ndani ya bahasha iliyogundishwa. Tarishi anaona inakotoka, inakokwenda na uzito wake, lakini haisomi. Kampuni itaona kwamba umetumia data nyingi kwenye tovuti ya video kuanzia saa mbili usiku. Haitaona ni filamu gani.

Iko mitambo inayoweza kupekua mawasiliano kwa undani zaidi, kutambua aina ya programu unayotumia na kuitenga. Kampuni huitumia mitambo ya namna hiyo kuzuia msongamano na mashambulizi ya mtandaoni. Wasiwasi wa watetezi wa faragha ni kwamba mtambo ukishafungwa kwa kazi moja, ni rahisi kuupa kazi ya pili bila mteja kuambiwa.

Wapo wanaotumia VPN ili kampuni yao isione wanakokwenda. Ni kweli inaficha, lakini imani unaihamishia kwa mwenye VPN, ambaye sasa ndiye anayeona. Na kitu ambacho ni kosa kisheria hakigeuki kuwa halali kwa sababu kimefanywa kupitia VPN.

ANAYEFUATILIA HASA NI NANI?

Wengi hudhani kwamba kampuni ya intaneti ndiyo inayokaa na kumvizia mteja. Mara nyingi sivyo. Anayefuatilia ni mwenye kazi, au wakala aliyemwajiri.

Chukua mfano wa torenti. Faili la filamu hugawanywa vipande vidogo. Kila anayepakua anawapa wengine vipande ambavyo yeye tayari anavyo. Ili kupeana vipande hivyo, kompyuta zao lazima zionyeshane anwani za IP. Wakala wa mwenye filamu hujiunga na kundi hilo kama mtu mwingine yeyote, akanakili anwani anazoziona pamoja na tarehe na saa. Hakuhitaji kuingia kwenye simu ya mtu wala kuomba ruhusa ya kampuni.

Lakini alichopata ni nambari tu. Hajui ni ya nani. Anayejua ni kampuni ya intaneti, na ndiyo maana suala zima la faragha linageuka kuwa swali moja: ni nani anayeweza kuiambia kampuni itoe jina, na kwa utaratibu gani?

Kwa wanaotazama mpira au filamu moja kwa moja kwenye tovuti za kiharamia, hali ni tofauti kidogo. Mtazamaji haonyeshani anwani na watazamaji wenzake, kwa hiyo wenye haki huielekeza nguvu yao kwenye tovuti yenyewe, wakitaka ifungwe.

SHERIA YA HAKIMILIKI INASEMAJE?

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 ilifanyiwa marekebisho mwaka wa 2019. Marekebisho hayo yaliongeza vifungu vinavyohusu watoa huduma wa intaneti, kuanzia 35A hadi 35D. Kwa lugha nyepesi, yanasema hivi.

Kwanza, kampuni inayopitisha tu mawasiliano haibebi lawama kwa kila kinachopita ndani yake, mradi haikuanzisha mawasiliano hayo, haikumchagua anayeyapokea, wala haikuyabadilisha.

Pili, mwenye hakimiliki akiona kazi yake imewekwa mahali bila idhini, anaweza kuipelekea kampuni arifa ya kuondoa maudhui. Arifa hiyo si ujumbe wa kawaida wa simu. Lazima iwe ya maandishi, iwe na sahihi, ieleze kazi inayodaiwa na mahali ilipo, na iambatane na kiapo kinachothibitisha umiliki. Kampuni ikiipokea arifa halali, inapaswa kumjulisha aliyeweka maudhui hayo, na kuyazuia ndani ya saa 48 za kazi, isipokuwa kama imepokea arifa ya kuyapinga madai hayo. Kutoa arifa ya uongo au ya nia mbaya ni kosa.

Tatu, kampuni inatakiwa kutoa utambulisho wa mteja anayeshukiwa pale inapoletewa ombi halali la vyombo vya upelelezi au agizo la mahakama.

Nne, na hili ndilo wananchi wengi hawalijui: sheria hiyohiyo inasema kwamba kampuni haina wajibu wa kufuatilia maudhui yanayopitishwa au kuhifadhiwa kwenye mitambo yake, wala wa kwenda kutafuta dalili za uharamia. Bunge lilikuwa na nafasi ya kuifanya kampuni kuwa askari wa zamu. Halikufanya hivyo.

Vifungu hivi vilipimwa mahakamani. MultiChoice Kenya, kampuni ya runinga ya kulipia, ilizipelekea Safaricom na Jamii Telecommunications arifa ikitaka tovuti zilizokuwa zikirusha mechi bila idhini zizuiwe. Tovuti hizo hazikuzuiwa na mzozo ukafika Mahakama Kuu, ambayo mwaka wa 2022 iliamua kwamba kampuni hizo mbili zizizuie. Msomaji azingatie agizo hilo lilihusu nini. Lilihusu kufunga njia ya kufikia tovuti. Halikuwa agizo la kuorodhesha majina ya waliozitembelea.

FARAGHA INALINDWA VIPI?

Mteja wa intaneti ana ngao zaidi ya moja.

Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka wa 1998, katika kifungu cha 31, inamtia hatiani mwenye leseni ya mawasiliano anayenasa ujumbe wa watu au kufichua yaliyomo nje ya shughuli halali za kazi yake. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kanuni za kuwalinda watumiaji za mwaka wa 2010, zilizotungwa chini ya sheria hiyo, nazo zinamkataza mwenye leseni kufuatilia au kufichua mawasiliano ya mteja.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018 inawapa polisi nafasi ya kuomba taarifa za mteja au kunasa mawasiliano, lakini inawaelekeza mahakamani kuomba agizo.

Kisha ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, iliyoanza kutumika Novemba mwaka huo. Sheria hii inaitaka kampuni ikusanye data inayohitajika tu, iitumie kwa lengo ililokuambia, na isiiweke muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mteja ana haki ya kuambiwa data yake inatumiwaje, kuiona, kupinga matumizi fulani, kurekebishiwa makosa, na kufutiwa data ya uongo au inayopotosha. Ukiomba kuona data yako, kanuni za mwaka wa 2021 zinaipa kampuni siku 7 kukujibu, na hutakiwi kulipa chochote.

Adhabu za utawala zinaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya kampuni kwa mwaka uliotangulia, kutegemea ni kiasi gani kilicho kidogo.

Hata hivyo, ngao hizi si ukuta. Sheria ya data haizuii jina kutolewa pale sheria nyingine au mahakama inapotaka litolewe. Inachozuia ni kulitoa kienyeji. Afisa wa kampuni hana ruhusa ya kumpa rafiki yake orodha ya wateja, na wakili wa mwenye filamu hapati jina kwa kuandika baruapepe pekee.

JINA KWENYE AKAUNTI SI USHAHIDI KAMILI

Tatizo kubwa la kuwafuatilia watu kwa anwani ya IP ni kwamba anwani hiyo inaonyesha laini, haimwonyeshi mtu. Ukiirudia ile ploti tuliyoitaja mwanzoni, nyumba sita zikitumia ruta moja, zote zinaonekana kwa nje kama mteja mmoja.

Kwenye simu hali ni ngumu zaidi. Kwa kuwa anwani za IP za mfumo wa zamani ni chache, mitandao ya simu huwaweka wateja wengi chini ya anwani moja kwa wakati mmoja. Bila kujua saa kamili na maelezo mengine ya kiufundi, anwani hiyo haiwezi kumtenga mteja mmoja na mwenzake. Kosa la dakika chache katika kunakili saa linaweza kumwangukia asiyehusika.

Kwamba makosa hutokea si jambo la kubuni. Mwaka wa 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walijaribu kuona kama mfumo wa kuwasaka wanaopakua kwa torenti unaweza kudanganywa. Waliweza kuufanya mfumo huo uzishutumu printa za chuo kwa kupakua filamu na muziki. Arifa rasmi za malalamiko zikatumwa kuhusu mashine ambazo kazi yake ni kuchapa karatasi.

Ndiyo sababu utaratibu wa kisheria una maana. Ombi likipitia kwa hakimu, kuna mtu anayeuliza: ushahidi huu ulipatikanaje, saa hii ni sahihi, na je, mwenye akaunti ndiye aliyekuwa kwenye kompyuta? Likipitia mlango wa nyuma, hakuna anayeuliza.

NCHI NYINGINE ZILIJARIBU NINI?

Kila mjadala wa uharamia unapozuka nchini, hutajwa mifano ya nchi ambazo kampuni za intaneti zilipewa kazi ya kuwaonya wateja wao. Ni vyema kuijua mifano hiyo na ilivyoishia.

Nchini Marekani, kampuni tano kubwa za intaneti zilikubaliana na wenye filamu na muziki kuanzisha mfumo wa maonyo, ulioanza Februari 2013. Mteja aliyetajwa alipelekewa maonyo hadi sita, kila moja kali kuliko lililotangulia, na mwishowe angeweza kupunguziwa kasi ya intaneti. Aliyetaka kupinga alilipa dola 35 ili malalamiko yake yasikizwe, akarudishiwa akishinda. Wakosoaji walisema mzigo wa kujitetea ulikuwa umewekwa kwa mteja, nje ya mahakama. Mfumo huo ulifungwa Januari 2017.

Ufaransa ilipitia njia ya sheria. Mwaka wa 2009 ilianzisha taasisi iliyoitwa Hadopi, iliyotuma maonyo kwa wenye laini zilizoonekana kwenye torenti. Mpango wa kwanza ulikuwa taasisi hiyo iweze kumkatia mtu intaneti baada ya onyo la tatu. Baraza la Katiba la Ufaransa lilikataa, likisema uamuzi mzito kama huo unapaswa kufanywa na hakimu, maana intaneti imekuwa njia ya watu kutumia uhuru wao wa kujieleza. Adhabu ya kukatiwa intaneti iliondolewa mwaka wa 2013, na mwaka wa 2022 kazi za Hadopi zikahamishiwa chombo kingine kiitwacho Arcom.

Nchini Ubelgiji, chama cha watunzi kiitwacho SABAM kilitaka kampuni ya Scarlet ifunge mtambo wa kuchuja mawasiliano ya wateja wake wote ili kunasa muziki usiolipiwa. Novemba 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema hapana: kampuni haiwezi kuagizwa kuwachuja wateja wote, wakati wote, kwa gharama yake. Lakini mwaka wa 2024 mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba mamlaka ya Ufaransa inaweza kupata jina lililo nyuma ya anwani ya IP katika vita dhidi ya uharamia, kwa masharti makali ya jinsi data hiyo inavyohifadhiwa na kutumiwa.

Mwelekeo unaojitokeza unafanana na ulio katika sheria yetu. Kumtafuta mtu mmoja kwa ushahidi na kibali ni sawa. Kuwapekua wote ili kumpata mmoja si sawa.

HAKI YA MSANII NA NAFASI YA KAUNTI

Faragha isigeuzwe kuwa kisingizio cha kula jasho la mwenzako. Kundi la mwanzele linalotoka Kaloleni kwenda studio Mombasa hulipa nauli, hulipa studio na hulipa mpiga picha za video. Wimbo ukitoka, ndani ya siku chache umo kwenye flashi zinazouzwa stendi ya matatu, na anayepata pesa ni mwenye kompyuta. Mtengenezaji filamu wa Malindi yuko katika hali hiyohiyo.

Hapa kaunti ina sehemu yake, na ni vyema ieleweke mipaka yake. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, mawasiliano ni jukumu la Serikali ya Kitaifa. Sheria ya hakimiliki pia inasimamiwa na taasisi ya kitaifa, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO). Lakini majumba ya sinema, pamoja na maonyesho na ukodishaji wa video, yamo katika majukumu ya kaunti, na kibali cha biashara kinatoka kwetu.

Mwenye ukumbi wa video akumbuke kwamba kibali cha biashara cha kaunti hakimpi idhini ya kuonyesha filamu au mechi ya mtu. Ni vitu viwili tofauti. Kadhalika, akaunti ya kutazama nyumbani, hata kama imelipiwa kikamilifu, haimruhusu mtu kuwatoza watazamaji mlangoni. Sheria ya Hakimiliki inalenga kwa uzito zaidi wale wanaofanya biashara kwa kazi ya wengine: kunakili ili kuuza, kukodisha, kusambaza au kuonyesha hadharani kwa faida.

UKIAMBIWA LAINI YAKO IMETUMIWA KWA UHARAMIA

Mosi, soma ujumbe kwa utulivu na utazame umetoka kwa nani. Faini hutolewa na mahakama. Haitumwi kwa nambari ya simu ya mtu binafsi kabla ya saa sita mchana. Ukipokea ujumbe wa kukutaka ulipe haraka ama sivyo utakamatwa, usilipe na usibonyeze kiungo chochote. Hifadhi ujumbe huo na upige ripoti polisi.

Pili, wasiliana na kampuni yako kupitia ofisi au nambari yake rasmi. Uliza kama arifa imetoka kwao kweli, inahusu tarehe na saa gani, na kama jina lako limepewa mtu mwingine. Ikiwa limetolewa, uliza kwa msingi wa sheria gani. Andika maswali hayo kwa barua au baruapepe ili uwe na nakala.

Tatu, kama ni kurasa zako zilizofungwa, kwa mfano video uliyoitengeneza mwenyewe imedaiwa na mtu mwingine, una haki ya kutoa arifa ya kupinga. Weka ushahidi wa umiliki tayari: rekodi za awali, risiti za studio, au cheti cha KECOBO kama uliisajili kazi yako.

Nne, ukipokea hati ya mahakama, usiipuuze. Tafuta wakili mapema.

KWA WENYE LAINI ZA PAMOJA NA SAIBA

- Badilisha nenosiri lililokuja na ruta, na ubadilishe tena kila mpangaji anapohama.
- Ruta nyingi zina nafasi ya kuweka mtandao wa wageni. Utumie, ili vifaa vyako na vya wengine visichanganyike.
- Kubalianeni kwa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari, ni nani wanaotumia laini na ni mambo gani hayaruhusiwi.
- Anayewauzia watu intaneti kama biashara anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Soma pia mkataba wako: nyingi hukataza kuuza upya laini ya nyumbani.
- Mwenye saiba anayeandika majina na nambari za vitambulisho vya wateja anakusanya data za kibinafsi, kwa hiyo sheria ya data inamhusu yeye pia. Daftari hilo lisiachwe wazi juu ya kaunta.

PA KUPELEKA MALALAMIKO

Anza na kampuni yenyewe. Usiporidhika, malalamiko kuhusu huduma au kufuatiliwa kwa mawasiliano yako hupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Malalamiko kuhusu data yako kukusanywa, kuuzwa au kufichuliwa kinyume cha sheria hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo ina ofisi Mombasa pia. Sheria inataka malalamiko hayo yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Msanii aliyeibiwa kazi yake aende KECOBO. Vitisho na ulaghai ni kazi ya polisi na Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai (DCI).

Kabla ya kwenda, beba nakala ya mkataba wako wa intaneti, ujumbe au barua uliyopokea, tarehe zake, na majibu ya kampuni kama yapo. Asiye na mkataba wake aiombe kampuni nakala wiki hii, kabla hajaihitaji.